Kumbukumbu ya mradi: draiva ya poti ya printa, sehemu ya kushika anwani na katizo

Draiva (programu inayoendesha kifaa) sasa inapakiwa na kuondolewa bila kuacha mabaki kwenye kerneli (kiini cha mfumo wa Linux). Kilichokuwa kimebaki ni kushika rasilimali za poti ya zamani ya printa, ile ya pini 25: anwani 0x378 ya data, 0x379 ya hali, 0x37a ya udhibiti, na katizo (ishara ya kifaa ya kumwita kichakataji) namba 7.

Linux haifungi anwani hizi kwa ufunguo. `request_region(0x378, 3, "relei")` huandika jina lako kwenye daftari la kerneli, basi. Draiva isiyojiandikisha inaweza kuita `outb` (kuandika baiti moja kwenye poti) kwenye 0x378 na itaandika bila kuzuiwa. Daftari linafanya kazi kwa sababu kila draiva inalisoma kwanza, kwa hiyo kuruka hatua hii kwa kuwa "inafanya kazi hata bila" ni kuwaharibia wengine.

Kabla ya `insmod` (kupakia moduli ya draiva), endesha `sudo grep 037 /proc/ioports`. Bila sudo anwani zote huonekana sifuri. Ukikuta `0378-037a : parport0`, poti ina mwenyewe tayari. Hapo `request_region` hurudisha NULL (pointa tupu), wala si namba ya kosa. Ni kazi ya draiva yako kurudisha `-EBUSY` (kosa la "inatumika tayari"). Ondoa moduli za printa kwa `rmmod`: `lp` na `ppdev` kwanza, kisha `parport_pc`. Ukianza na `parport_pc`, `rmmod` itagoma kwa sababu `lp` imeishikilia. Kwenye Ubuntu zikirudi kila ukiwasha mashine, tazama `/etc/modules-load.d/cups-filters.conf`.

Mpangilio wa kushika ndio uliokula muda mwingi. Tunashika anwani, tunafuta biti 4 ya 0x37a ili kifaa kisitume katizo, tunatenga bafa (eneo la kumbukumbu la kuweka data) na kuandaa spinlock (kufuli la kuzuia kugongana), ndipo tunaita `request_irq`. Biti 4 inawashwa mwisho kabisa. Sababu ni kwamba kishughulikia katizo kinaweza kuitwa hata kabla `request_irq` haijarudi. Kikikuta pointa ya bafa bado ni NULL, kerneli inaanguka, na huenda isiwe kila mara, jambo linalofanya kosa hili liwe gumu kulinasa.

Kupima: unganisha pini 9 na pini 10 kwa waya, andika 0x00 kisha 0x80 kwenye 0x378. Katizo hutokea pini 10 inapopanda kutoka chini kwenda juu. Hesabu ya mstari wa 7 kwenye `/proc/interrupts` lazima iongezeke kwa moja. Isipoongezeka, angalia biti 4 kwanza, halafu mpangilio wa poti kwenye BIOS.

Kuachia ni kinyumenyume: futa biti 4, `free_irq`, `kfree`, `release_region`. Ukisahau hii ya mwisho, mstari wako unabaki kwenye daftari baada ya `rmmod`. Kerneli hainakili jina, inahifadhi pointa tu, na pointa hiyo ilielekea ndani ya moduli ambayo haipo tena. Mtu akisoma `/proc/ioports` baadaye, kerneli inatoa oops (ripoti ya kosa la kerneli), na lawama itaelekezwa kwa `cat`, amri aliyosomea.

Familia ya `devm_` (vitendakazi vya kerneli vinavyofunga rasilimali kwenye kifaa) huachia vitu yenyewe kwa mpangilio huohuo wa kinyume, lakini tu baada ya `remove` (kitendakazi cha draiva kinachoitwa kifaa kinapoondolewa) kumaliza. Kwa hiyo usichanganye: ukiwa na `devm_request_irq` huku bafa unaifuta mwenyewe kwa `kfree` ndani ya `remove`, katizo bado liko hai wakati bafa imeshakufa. Tumia `devm_kzalloc` pia, au ita `devm_free_irq` kabla ya kufuta.

Hatua inayofuata ni kadi ya PCI. Huko anwani si 0x378 tena, inatoka kwenye BAR (rejista ya kadi inayotaja anwani zake) baada ya `pci_enable_device`, na kushika ni kwa `pci_request_regions`. Katizo litahitaji `IRQF_SHARED` (ruhusa ya kushiriki mstari mmoja na vifaa vingine), pamoja na `dev_id` (kitambulisho cha kifaa chako) isiyo NULL, vinginevyo jibu ni `-EINVAL` (kosa la kigezo batili).