Ukoka umepuliziwa, tumbaku ya jirani imejikunja

Tabora bustani ya ukoka haiko mbali na tumbaku ya mtu, na tumbaku haiivumilii kabisa 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana. Mvuke kidogo tu, majani machanga yanakunjamana na kuwa membamba kama kamba. Nyanya nazo hivyo hivyo.

Watu husingizia upepo, ila mara nyingi kosa liko kwenye nozeli. Bomba nyingi za mgongoni za lita 16 huja na nozeli ya koni, inayotoa ukungu wa matone madogo, mzuri kwa kuulia wadudu. Kwa kiuagugu haifai. Tone la mikroni 100 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huchukua kama sekunde 10 kushuka mita 3, la mikroni 400 sekunde 2 hivi. Hilo dogo lina muda wa kutosha kuruka ua. Ukipunguza kipenyo nusu, tone moja linakuwa manane.

Funga nozeli bapa yenye tundu kubwa, ishike sentimita 50 juu ya nyasi, na usipampu kama unajaza tairi: presha ya baa 1 hadi 1.5 inatosha. Jaribu kwanza kwa maji kwenye saruji kavu. Ukiona madoa unayoweza kuyahesabu, sawa. Ukiona unyevu wa vumbi tu, presha imezidi.

Alfajiri tulivu ya kiangazi inadanganya. Hewa ya baridi imelala chini, matone madogo yanaelea humo na kusogea taratibu. Ngoja moshi wa jikoni uanze kupanda juu. Na ukoka wenye magugu yaliyochanua na nyuki juu yake, ufyeke kwanza.