Emuleta inasema poa, simu ya mhazini inakataa

Emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, mi siisemi vibaya, bila yenyewe kazi hii ya kutengeneza programu za simu nisingeiweza. Laptopu yangu ina rami ya giga 8 tu, nimeweka Linux, KVM, ile inayoipa emuleta kasi, imewashwa, basi nikibonyeza inawaka simu nzima pale kwenye kioo naifanya ninavyotaka, nakata mtandao, nashusha betri mpaka asilimia 3, nabadili lugha nione maneno gani yanatoka nje ya kitufe. Ila ile sio simu bana, ni kompyuta imevaa sura ya simu, prosesa ni ile ile ya Intel na Android niliyoipakua ni ya x86_64, aina ya prosesa za Intel, wakati huku mtaani simu zote zinatembea na ARM, familia nyingine ya prosesa.

Mara nyingi hilo halisumbui kabisa. Ukiandika kwa Kotlin tupu, lugha ya kuandikia programu za Android, Android yenyewe inajua itaiendeshaje juu ya prosesa yoyote. Balaa linaanza ukiingiza laibrari ya C++, yaani kipande cha programu kilichoandikwa tayari, ile mafaili yanayoishia na .so, maana hizo zimeshapikwa kwa prosesa fulani na huwezi kuidanganya nyingine izile bila mkalimani katikati.

Sasa hii programu ninayohangaika nayo ni ya kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, Mbagala. Mhazini anapiga picha ukurasa wa daftari, programu inasoma namba inajumlisha. Kusoma namba tunatumia laibrari ya kampuni moja ya nje, siitaji. Kwenye emuleta safi, kwenye simu yangu safi, afu mhazini ananitumia sauti WhatsApp, "Mwanangu, kila nikigusa pale pa kamera inanitoa nje, au simu yangu ndo imechoka?"

Simu haijachoka mama. Nilivyoichomeka na waya nikaandika adb shell getprop ro.product.cpu.abi, amri ya kuiuliza simu inakubali programu za prosesa ya aina gani, jibu likaja armeabi-v7a, yaani biti 32. Na hapo ndo wengi wanapotea, kwa sababu ukiisoma chipu ya ile simu ni Unisoc SC9832E, ndani ina Cortex-A53 nne, na Cortex-A53 ni prosesa ya biti 64 bila ubishi. Ila simu ina rami giga 1, Android yake ni ile ya Go, nyepesi ya simu za rami ndogo, na watengenezaji wa simu za hivyo huwa wanaweka mfumo wa biti 32 makusudi, maana kwenye biti 64 kila anwani ya kumbukumbu inakula baiti 8 badala ya 4 na kwa giga moja hiyo ni anasa. Kwahiyo chipu inaweza ila mfumo umeamua hapana, na programu inasikiliza mfumo.

Nikafungua APK, lile faili la kuinstoo programu, kama zipu ya kawaida. Foda ya lib/arm64-v8a, ya simu za biti 64, ina mafaili manne, lib/armeabi-v7a, ya biti 32, ina matatu. Lile la kusoma namba ndo halipo. Na huu ndo ubaya wake, ingekuwa foda ya v7a haipo kabisa simu ingekataa kuinstoo kuanzia mwanzo, ingesema INSTALL_FAILED_NO_MATCHING_ABIS tukajua moja. Lakini kwa vile laibrari nyingine zimekuja na v7a zao, Android ikaona foda ipo ikapokea mzigo, mama anaingia vizuri anasalimiwa kwa jina, akigusa kamera tu, UnsatisfiedLinkError, yaani laibrari haikupatikana, nje.

Nimewaandikia wenye laibrari, wamejibu kwamba kwenye toleo jipya wameiondoa biti 32 "kwa sababu Google inataka 64". Hapana jamani. Tangu Agosti 2019 Play Store inataka uwe na biti 64, haijasema utupe 32, hayo ya kutupa wamejiongezea wenyewe huko ambako hakuna anayetumia simu ya giga moja.

Jamaa yangu mmoja ana MacBook ya M1, chipu ya Apple, akaniambia njoo utesti kwangu, hii ni ARM ya kweli. Ni kweli ni ARM, na Android ya arm64 inaruka pale mpaka roho inatamani, ila prosesa za M1 hazijui maelekezo ya ARM ya biti 32 hata kidogo, kwahiyo simu ya mhazini huipandishi pale. Laptopu yangu nayo ukiipa Android ya arm64 inakataa kuiwasha. Kuna ile ya Android 11 ya x86 yenye mkalimani wa ARM ndani, wa kuzitafsiri laibrari za ARM ziende kwenye Intel, inasaidia kuona kama laibrari inapakia, ila kasi usiipime pale, utajidanganya.

Kuna kichekesho hapa lakini. Januari 2013 Safaricom na Intel walileta Kenya simu inaitwa Yolo, chipu yake Atom Z2420, x86 kabisa mfukoni! Enzi hizo simu ndo ilikuwa inabeba mkalimani ili programu za ARM ziende. Intel wakaja kuachana na chipu za simu 2016, siku hizi mkalimani wa aina hiyo yuko kwenye emuleta zetu.

Basi nikarudi toleo la zamani la laibrari, lile lenye v7a, nikatoa APK moja nzito yenye zote mbili, arm64 na v7a, kwa sababu wale kina mama wanarushiana programu simu kwa simu. Iliyotoka Play Store imeshakatwa kipande cha simu husika, ukiirusha kutoka simu ya arm64 kwenda ya v7a haifanyi kazi hata uombe. Nimeenda pia Kariakoo nikachukua simu ya mtumba ya giga moja, imelala mezani kama mkaguzi. Kwa mhazini kamera ikafunguka.

Kumbe bado. Tangu Novemba 2025 Play Store inataka programu zinazolenga Android 15 kwenda juu zikubali kurasa za kumbukumbu, yaani vipande ambavyo mfumo unaigawa kumbukumbu, za kilobaiti 16, na lile toleo la zamani limepikwa kwa kilobaiti 4. Hapa emuleta nimeishukuru, maana simu ya kurasa za 16 sijui ningeazima kwa nani, kwenye emuleta unapakua tu na kosa nikaliona palepale. Kwahiyo jipya lina 16 halina v7a, la zamani lina v7a halina 16. Sharti la 16 ni la biti 64 peke yake, basi naangalia kama naweza kupakia jipya upande wa arm64 na la zamani upande wa v7a, na msimbo mmoja wa Kotlin uyaite yote bila kugombana, kitu ambacho hakijakubali mpaka sasa hivi naandika.

Mhazini nimemwambia Play Store asasishe baadaye, kwa sasa abaki na APK niliyomrushia na namba aendelee pia kuziandika daftarini kwa peni. Akasema kwani aliacha lini.