Nilivyozipanga kanda za Depeche Mode alizoacha baba mdogo

Miezi michache baada ya baba mdogo kufariki dunia mwaka 2021, mama mdogo aliniita nyumbani kwao Temeke akanikabidhi boksi lenye kanda 11, akaniambia, "Mwanangu, hizi baba yako alikuwa hataki mtu azishike, zitengeneze tuzisikie." Baba mdogo alifanya kazi bandarini kwa miaka mingi, na kanda hizo alizipata kidogo kidogo, nyingine kwa mabaharia waliozoeana naye na nyingine kwa kurekodiwa katika maduka ya Kariakoo. Zote zilikuwa za kundi moja la Uingereza, Depeche Mode, lakini karatasi zake zilikuwa zimeliwa na mende au wino wake umefutika, kwa hiyo hakukuwa na njia ya kujua kwa macho ipi ilitangulia na ipi ilifuata.

Kazi ya kuzifufua ilichukua majuma matatu. Unyevu wa Dar es Salaam ulikuwa umeotesha ukungu kwenye tepe, na katika kanda nne kile kisponji kinachousukuma utepe kwenye hedi, yaani kichuma cha redio kinachosoma sauti, kilikuwa kimebanduka. Fundi redio wa mtaani kwetu alinifundisha kufungua ganda kwa bisibisi ndogo, kuuhamishia utepe katika ganda zima, na kusafisha hedi kwa pamba yenye spiriti baada ya kila upande. Kisha nilichomeka waya kutoka kwenye redio kaseti hadi kwenye kompyuta, nikakaa nikisubiri, kwa sababu upande wa dakika 45 hunakiliwa kwa dakika 45 na hakuna njia ya mkato.

Ningeweza kuandika maneno ya viitikio kwenye intaneti nikapata jina la kila albamu, na mwishoni nilifanya hivyo ili kuhakiki. Lakini nilitaka kwanza kulisikia kundi hilo likikua, kama baba mdogo alivyolisikia. Jaribio la kwanza, la kuzipanga kwa uchakavu wa kanda, halikufaa kitu, kwa kuwa albamu ya zamani ilikuwa imerekodiwa kwenye kanda mpya na mpya kwenye kanda kuukuu. Ndipo nilipokumbuka namna baba mdogo alivyosikiliza muziki wa dansi: wimbo ukianza tu, huuliza nani ametoka na nani ameingia. Kwake historia ya bendi ilikuwa historia ya wanamuziki kuhama, kama Muhidin Maalim Gurumo alivyotoka Mlimani Park akaenda Orchestra Safari Sound na masikio ya mji mzima yakaisikia tofauti. Niliamua kuwasikiliza Waingereza hawa kwa sikio hilo hilo.

Kanda moja ilijitenga mara moja. Vinanda vyake vya umeme vilikuwa vyembamba, vyepesi na vyenye furaha, kila kimoja kikipiga noti moja moja juu ya mashine ya midundo. Hiyo ilikuwa albamu ya kwanza, ya mwaka 1981, ambayo karibu nyimbo zake zote zilitungwa na Vince Clarke. Kundi lilikuwa limeanza mwaka uliotangulia huko Basildon, mji mdogo wa mkoa wa Essex, likiwa na Clarke, Martin Gore, Andy Fletcher na mwimbaji Dave Gahan; jina walilitoa kwenye jarida la mitindo la Ufaransa. Walirekodi chini ya Mute, kampuni ya Daniel Miller, kwa makubaliano ya kupeana mkono, bila mkataba wa maandishi. Kabla mwaka huo haujaisha, Clarke aliondoka, akaenda kuanzisha Yazoo pamoja na Alison Moyet na baadaye Erasure. Bendi nyingi zingekufa hapo, maana aliyetoka ndiye aliyekuwa mtunzi.

Kanda ya pili niliitambua kwa sababu ilikuwa na upweke. Vinanda ni vile vile, lakini furaha imepungua na sauti inatafuta njia. Ni albamu ya mwaka 1982, iliyorekodiwa na watu watatu tu, na nyimbo zote sasa ni za Gore. Iliyofuata, ya mwaka 1983, ilinifanya nisimamishe redio nikidhani utepe umekwaruzika, kwa maana nilisikia mabati na vyuma vikigongwa. Havikuwa hitilafu. Alan Wilder, mpigaji aliyeusomea muziki, alikuwa ameajiriwa mwaka 1982 kwa ajili ya ziara, na hii ndiyo albamu yake ya kwanza na kundi. Wakati huo walikwenda kwenye eneo la ujenzi jijini London kunasa milio ya vyuma, kisha wakaipiga milio hiyo kwa vidole kupitia kinanda. Naamini hapo ndipo walipokuwa kundi lenye sauti isiyoigika. Fundi redio, ambaye hadi siku hiyo alikuwa akiniuliza kila mara gitaa liko wapi, alinyamaza akasikiliza upande mzima.

Kanda tatu za mwaka 1984, 1986 na 1987 nilizipanga kwa giza lake, kwa kuwa kila moja ni nzito na pana kuliko iliyoitangulia. Mbili nyingine hazikunisumbua, kwani zina kelele za umati: ni onyesho la tarehe 18 Juni 1988 katika uwanja wa Rose Bowl, Pasadena, Marekani, mbele ya watu zaidi ya 60,000, na mwishoni umati unaendelea kuimba kiitikio.

Ile ya mwaka 1990 ina gitaa, na ina wimbo ambao Gore aliuleta ukiwa wa polepole kabisa, hadi Wilder aliposhauri uongezwe mwendo. Ya mwaka 1993 ina dramu halisi na sauti za kwaya ya injili, na nilidhani kwa muda kwamba ni bendi nyingine. Ilishika namba 1 Uingereza na Marekani, lakini ziara ndefu iliyofuata iliwachosha vibaya. Wilder aliondoka mwaka 1995. Mwaka 1996 moyo wa Gahan ulisimama kwa muda huko Los Angeles kutokana na dawa za kulevya, kabla hajaokolewa. Kanda ya mwisho, ya mwaka 1997, ni ya watu watatu tena, na niliitambua kama nilivyoitambua ile ya 1982: kuna nafasi wazi mahali alipokuwa mtu.

Mmoja tu ndiye sikuweza kumsikia kwenye kanda yoyote, naye ni Fletcher. Hakuwa mtunzi, hakuwa mwimbaji mkuu, na sehemu yake ya kinanda haikujitokeza. Yeye alishughulikia biashara ya kundi na kuwashikanisha wenzake. Nilipokuwa nikiandika vibandiko vya boksi, tarehe 26 Mei 2022, alifariki dunia. Gahan na Gore waliendelea wawili, wakatoa albamu yao ya 15 mwezi Machi 2023, ambayo maandalizi yake yalikuwa yameanza kabla ya kifo hicho. Niliinunua, nikairekodi kwenye kanda tupu niliyoipata Kariakoo, nikaiweka mwishoni mwa safu kama kanda ya 12.

Nililirudisha boksi Temeke siku ya Jumapili. Nilimweleza mama mdogo mpangilio wote, nani alitoka na nani aliingia, naye akanisikiliza kwa subira hadi nilipomaliza. Kisha akaniomba kanda aliyokuwa akiisikia mumewe akipiga pasi nguo za kazi, lakini jina hakulijua. Niliweka ya 1986, akatikisa kichwa. Niliweka ya 1987, akatikisa kichwa. Ya 1990 ilipoanza, hakusema neno. Alivuta stuli karibu na redio, akakaa.