Simu yangu ya zamani sasa ni seva
Simu iliyolala kwenye droo miaka 3, kioo kimepasuka, tangu juzi ndiyo seva ya nyumbani kwangu, yaani kompyuta inayokaa imewashwa muda wote kutunza mafaili! Nimefuta Android nikaweka postmarketOS, mfumo endeshi wa Linux uliojengwa juu ya Alpine (toleo jepesi la Linux), na naiendesha kutoka kwenye kompyuta kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine nyingine kupitia mtandao. Picha za familia zinaingia humo zenyewe kupitia Syncthing, programu ya kuoanisha mafaili kati ya vifaa.

Kilichonihangaisha ni betri. Ikikaa kwenye chaja usiku na mchana huku imejaa asilimia 100, huchakaa upesi na inaweza kuvimba, hata kushika moto. Nimeiwekea kikomo cha asilimia 80, na kila asubuhi naigusa mgongoni kuona kama imepata joto. Ila umeme ukikatika, betri hiyohiyo ndiyo inayoibeba seva. Jana ulikatika, haikuzima.