Bibi Aliyetutuma kwa Ndugu Zetu

Jana tumemaliza arubaini ya Bibi. Turubai limekunjwa, sufuria za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe, na wageni waliotoka Kisarawe wameondoka asubuhi hii. Ndipo nimepata nafasi ya kukaa na kuandika juu yake, jambo ambalo siku zote za msiba halikuwezekana, kwa sababu nyumba yenye msiba hapa kwetu haimwachii mtu upweke, na naona ni vema iwe hivyo.

Bibi alizaliwa Uzaramo, upande wa Kisarawe, na hakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa. Umri wake aliupima kwa mambo yaliyotokea: TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 alikuwa mwali, na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Tanganyika ilipopandishwa, alikuwa na mimba ya kumzaa baba yangu mkubwa. Aliolewa akaletwa Magomeni, kwenye nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua nyuma, na humo alizaa, alilea, alikaa eda ya mumewe, na humo akafia. Katika ujana wake alicheza katika kikundi cha ngoma cha akina mama, wakati ule Bibi Titi Mohamed alipokuwa akivipitia vikundi vya namna hiyo kuwaingiza wanawake wa Dar es Salaam katika TANU. Wageni walipenda sana kumwomba asimulie hayo, naye alisimulia vizuri. Mimi nikiulizwa Bibi alikuwa nani, naanza na bakuli.

Lilikuwa bakuli la bati, jeupe, lenye maua mekundu yaliyokuwa yamebanduka ukingoni. Kila Jumamosi Bibi alipika kisamvu cha nazi, au samaki, na wali. Nazi aliikuna mwenyewe, ameketi juu ya mbuzi, na hakumruhusu mtu kuliharakisha tui zito, ambalo aliliweka kando likaingia mwisho kabisa, sufuria ikikaribia kuepuliwa. Chakula kikiiva, alipakua kwanza cha kupeleka, kisha ndipo akapakua cha kula sisi. Bakuli lilifunikwa kwa sahani na kufungwa kwa kipande cha kanga kuukuu, fundo likiwa juu ili mtoto apate pa kushika.

"Mume wangu," aliniambia, "mpelekee shangazi yako Buguruni. Ukifika umwamkie, ukae, usisimame mlangoni. Muulize mguu wake unaendeleaje, uniletee jibu."

Tulikwenda kwa miguu, mimi na binamu zangu, tukiifuata Barabara ya Kawawa na kulivuka bonde la Msimbazi mpaka Ilala, na kutoka hapo Buguruni. Shangazi naye hakulirudisha bakuli tupu hata siku moja. Alitia mihogo, au embe, au samaki wa kukaanga, na pale alipokosa kabisa alitia chumvi. Baba anasema mambo yalikuwa hayo hayo hata mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya Vita vya Kagera, watu walipokuwa wakipanga foleni kwenye maduka ya ushirika kwa ajili ya sukari na sabuni, na kilichokuwa kikipikwa majumbani ni unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Bakuli lilipungua ujazo, lakini safari zake hazikupungua. Tuliporudi, Bibi hakuuliza kwanza tumeletewa nini. Aliuliza habari: nani anakohoa, nani amepata kazi, mtoto gani amefukuzwa shule kwa ada, nani hakuwepo nyumbani na alikuwa wapi. Jioni hiyo hiyo alikuwa ameshajua ni nani wa kutumwa wapi Jumamosi inayofuata.

Lipo jambo moja ambalo nataka wanangu walisome hapa siku moja. Baba mkubwa na baba mdogo waliwahi kugombana juu ya shamba la minazi na mikorosho kule Kisarawe, wakafika mahali pa kutosalimiana, hata Idi walikuja kumwona mama yao kwa saa tofauti. Bibi hakuitisha kikao, wala hakumwita mzee yeyote wa kuwasuluhisha. Alichofanya ni kuwatuma watoto wa baba mkubwa kwa baba mdogo, na watoto wa baba mdogo kwa baba mkubwa, kila Jumamosi, na bakuli. Mtoto wa ndugu yako akifika kwako amebeba chakula cha mama yako huwezi kumfukuza. Utamkaribisha, utakula, na adabu itakulazimu uulize baba yake hajambo. Iliendelea hivyo kwa miezi mingi, naye hakulitaja shamba hata mara moja, mpaka Jumamosi moja baba mdogo akalibeba bakuli mwenyewe mpaka kwa kaka yake. Walilia wote wawili. Shamba lile leo linalimwa na watoto wa pande zote mbili.

Mji ulivyotanuka, kazi ya Bibi iliongezeka. Baba mdogo alihamia Mbagala, shangazi mwingine akajenga Chanika, na jamaa zetu waliokuwa wakiishi bondeni Msimbazi wakahamishiwa Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Kuna familia nyingi hapa Dar es Salaam ambazo zilitawanyika kwa namna hiyo hiyo na leo zinakutana misibani tu. Bibi alikuwa akiuliza daladala za kwenda kwa mtu hata kabla nyumba yake haijapauliwa. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, alikuwa bibi kizee mwenye fimbo, naye aliyapenda kwa sababu Magomeni Mapipa kuna kituo na Kariakoo si mbali. Mdogo wangu alimnunulia simu. Aliishukuru sana, lakini alisema simu ni ya kuulizia kama umefika.

Msibani watu walisema Bibi alikuwa na upendo, na ni kweli. Mimi ningeongeza kwamba upendo wake ulikuwa na nauli, ulikuwa na nazi za kukuna, na ulikuwa na maandishi. Nasema maandishi kwa sababu alikuwa na daftari. Kurasa zake za mwanzo ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, alizozijua tangu chuo cha Kurani utotoni. Kuanzia miaka ya sabini, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, Bibi naye akaingia kisomo, na mwandiko unageuka kuwa wa herufi tunazotumia sote, kubwa na zenye kukwaruza karatasi. Humo kuna kila mtoto aliyezaliwa katika ukoo, siku yake, na walioitwa kumwogesha. Kuna pia orodha ya walionyonya ziwa moja bila kuwa wa tumbo moja, ili kesho vijana wasije wakachumbiana kumbe ni ndugu wa kunyonya. Sijui nyumba nyingine yenye kumbukumbu ya namna hiyo.

Jana baada ya hitima tulikaa wanafamilia. Kanga zake waligawana wajukuu wa kike, na daftari likakabidhiwa shangazi mkubwa. Kisha tukakubaliana kwamba Jumamosi hazitaachwa, na kila nyumba itapika kwa zamu. Zamu ya kwanza ni yetu, na tumepangiwa Mabwepande. Mke wangu amekwisha kuagiza nazi. Mwanangu wa kwanza ndiye atakayelibeba bakuli, kwa kuwa huko hamjui mtu na hakuna anayemjua. Kuna mtoto aliyezaliwa kule wiki chache kabla ya msiba, na Bibi hakuwahi kumwandika. Shangazi ameniagiza nirudi na jina lake kamili, siku aliyozaliwa, na jina la kila mwanamke aliyemnyonyesha.