Kwetu Kisheria ni Wapi?

Kwetu Kenya, ukimuuliza mtu kwao ni wapi, atakutajia kijiji cha babu yake hata kama alizaliwa Nairobi na kijijini huenda wakati wa Krismasi na mazishi tu. Nilipoolewa na mwanajeshi wa Marekani nilishangaa kukuta kwamba sheria ya huku inamruhusu askari kujibu kwa namna inayokaribiana na hiyo: anaweza kuwa ameishi North Carolina miaka minne kwa amri ya jeshi, na bado kwao kisheria pakawa Texas.

Mume wangu alikuwa mwanafunzi Texas alipojiunga na jeshi kupitia mpango ulioanza mwaka 2009 wa kuwaandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Alipata uraia, akapangiwa kambi ya Fort Hood hukohuko Texas, akachukua leseni ya udereva ya Texas, akajiandikisha kupiga kura huko, kisha akajaza fomu ya DD 2058, ambayo ndiyo inayoiambia ofisi ya malipo makazi ya kisheria ya askari ni jimbo gani. Wengi huchanganya makazi hayo na anwani iliyoandikwa siku ya kujiunga. Anwani ile hutumika hasa kukadiria gharama za safari ya kurudi mtu anapoacha jeshi. Makazi ya kisheria ndiyo yanayoamua jimbo gani litadai kodi ya mshahara wake.

Tulipohamishiwa kambi ya Fort Bragg, North Carolina, hakuna kilichobadilika upande wake. Sheria ya mwaka 2003 ya kuwakinga wanajeshi inasema kwamba askari hapotezi makazi yake wala hapati mapya kwa sababu tu amepelekwa mahali kikazi. Texas haitozi kodi ya mapato, ilhali North Carolina ilitoza asilimia 4.25 mwaka 2025.

Mimi ndiye niliyepata taabu. Niliajiriwa kama muuguzi, na kwa miezi saba hati yangu ya mshahara ilikuja na mstari mdogo ulioandikwa NC, yaani North Carolina, na mbele yake makato ambayo sikupaswa kukatwa. Karani wa mishahara alishikilia kwamba kwa kuwa sijawahi kuishi Texas, siwezi kuidai. Jibu lake lingekuwa na nguvu zamani. Sheria ya mwaka 2009 ilimlinda mwenzi wa askari pale tu wote wawili walipokuwa na makazi katika jimbo moja, lakini sheria ya mwaka 2018 ilimruhusu mwenzi kuchagua makazi ya askari kwa ajili ya kodi bila kujali walioana lini, na nyingine iliyotiwa saini Januari 2023 ikapanua zaidi, hata wanandoa wakaweza kutumia makazi ya mmoja wao au mahali kilipo kituo cha kudumu cha askari. Fedha zangu zilirudishwa nilipowasilisha ritani ya kodi ya jimbo, lakini kwa miezi yote ile tulikuwa tumepunguza kiasi tulichokuwa tukimtumia mama mkwe.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaochagua jimbo kwa kuangalia kodi peke yake. Kwa askari mwenyewe, makazi hupatikana kwa kuwahi kuwapo mahali pale kimwili na kuwa na nia ya kweli ya kupafanya kwao, na nia hiyo husomwa kwenye leseni, kadi ya kura, usajili wa gari na wosia. Anayedai Florida wakati yeye na mwenzi wake hawajawahi kuishi huko, na kila karatasi yao ni ya Virginia, anajitafutia deni. Tena kinga hii haigusi kila shilingi: askari akifanya kibarua cha uraiani wikendi, jimbo anakofanyia kazi hutoza kodi, na nyumba ya kupangisha hulipiwa kodi ya mapato katika jimbo ilipo.

Swali hili tulilirudia nyumbani mwaka jana, tulipofikiria kununua nyumba Fayetteville, mji ulio jirani na kambi. Mume wangu alielekea kubadilisha makazi yake ya kisheria, kwa kuwa kanisa letu na marafiki zetu wako hapa. Kilichotuzuia ni binti yetu. Texas ina sheria iitwayo Hazlewood, inayomsamehe aliyejiunga na jeshi akiwa huko ada ya hadi saa 150 za masomo (saa hapa ni kipimo cha uzito wa kozi za chuo) katika vyuo vya umma, na saa ambazo hajazitumia anaweza kumwachia mtoto, mradi mtoto awe mkazi wa Texas na hajapita miaka 25 muhula unapoanza. Tulikaa na binti, tukamweleza, naye akasema angependa kusoma Texas. Baba yake akasema basi akistaafu tutarudi huko, na hapo nia ikawa imepatikana kwa dhati.

Tumebaki Texas. Wiki iliyopita nilijaza upya fomu ya NC-4 EZ, inayomwambia mwajiri akate au asikate kodi ya North Carolina, kwa sababu msamaha wa mwenzi wa askari huisha Februari 15 ya mwaka unaofuata, nikaambatisha nakala ya kitambulisho changu cha jeshi na hati ya mshahara ya mume wangu, nikampelekea karani yule yule mwenyewe mkononi.