Chin chin katika karai la Lindi

Mara ya kwanza nilipomtengea jirani yangu sahani ya chin chin hapa Lindi, alichukua kipande kimoja, akakitafuna taratibu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, visheti hivi mbona hukuvitia shira?" Lilikuwa swali la haki, kwa sababu mbele ya macho ya mtu wa pwani kitafunio hiki, ambacho Wanigeria huwaandalia wageni wakati wa harusi na Krismasi, ni ndugu kabisa wa visheti. Tofauti ni kwamba utamu wa visheti hutoka nje, kwenye shira, ilhali utamu wa chin chin umo ndani ya unga wenyewe pamoja na maziwa, yai na kungumanga, na kwa hiyo kosa la kukanda halina pa kujificha.

Kwa nusu kilo ya unga wa ngano mimi hutumia gramu 100 za sukari, gramu 100 za siagi, yai 1, nusu kijiko cha chai cha kungumanga iliyokunwa papo hapo, chumvi kidogo, na maziwa yasiyozidi nusu kikombe, ambayo huyamimina kidogo kidogo. Hamira sitii, hiyo ni ya puff-puff, ambayo kwetu ingeitwa kalimati isiyo na shira.

Jambo ninalolisisitiza ni siagi. Siku moja niliizidisha maradufu nikitafuta ladha, na vipande vikasambaratika katika karai, mafuta yakafura povu, nikabaki kuchuja chenga. Siagi huzizunguka chembe za unga na kuuzuia usishikamane sana: ikipungua, chin chin huwa ngumu kama kokoto, ikizidi, hakuna kinachovishikilia vipande. Kwa joto la huku huiacha kwenye friji hadi dakika ya mwisho, kisha huifikicha ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka unga ufanane na mchanga wa ufukweni bahari inapokupwa, ambao ukiufumbata kiganjani unashikana na ukiugusa kwa kidole unamomonyoka. Hapo ndipo maziwa hufuata. Baada ya donge kupumzika, nalisukuma kwenye kibao cha chapati na kulikata vipande vidogo vya mraba.

Katika kukaanga, moto wa mkaa uwe wa wastani. Mafuta yakichemka mno, sukari huunguza nje wakati ndani pangali pabichi, na kesho yake utakuta vipande vimelegea. Nageuza bila kuchoka kwa kijiko cha matundu, na naviopoa vikiwa na rangi ya dhahabu iliyofifia, kwa maana huendelea kuiva hata vikiwa nje ya karai. Niliwahi kuchanganya korosho zilizopondwa, kwa mapenzi ya zao letu, lakini ziliungua kabla unga haujaiva, nikaacha.

Hewa ya pwani ina unyevu, kwa hiyo huviacha vipoe kabisa kabla ya kuvifungia kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana. Vikifungiwa vya moto, mvuke wake wenyewe huvilainisha. Fungu la jirani yangu halihitaji chupa. Nampelekea kwenye sahani, naye hulimaliza jioni ileile kwa chai ya rangi.